Umerudi Asmara? Usitangulize mabega

Tuliokaa nje miaka mingi tunajulikana mapema kwenye harusi za Asmara, mji mkuu wa Eritrea. Wimbo bado mchanga, sisi tumeshaanza kutikisa mabega. Guayla, dansi ya duara ya Watigrinya, haichezwi hivyo. Sehemu yake kubwa ni kutembea.

Duara huzunguka kinyume na mwendo wa saa, mtu nyuma ya mwenzake, nyayo zikiburuzwa kwa hatua fupi, magoti yamelegea, mikono imeshuka. Koboro, ngoma ya ngozi pande mbili inayoning'inizwa kwa mkanda begani, hutoa pigo zito upande mpana, kisha jepesi upande mwembamba. Mapigo hayo hayalingani urefu, yanachechemea. Mguu uliozoea disko za ughaibuni huyahesabu sawasawa, moja-mbili, moja-mbili, na haichukui muda utamkanyaga kisigino aliye mbele. Acha kuhesabu, fuata pigo zito tu.

Mabega yana zamu yake. Mpigaji anapoongeza kasi, duara husimama, watu hugeukiana wawili wawili au kwa vikundi vidogo, na hapo mabega hushika kazi, shingo ikifuata, wengine wakishuka kwa magoti huku wakidunda. Kiuno kitulie. Ngoma ikilegea, mzunguko unaendelea. Netsela, shali nyeupe ya pamba, ifunge vizuri kabla ya kuingia, maana kwenye kasi ndipo huteleza. Na pumzi usizimalize wimbo wa kwanza: Asmara iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, nyimbo ni ndefu, na suwa, pombe ya kienyeji, hunywewa kwa ukarimu usiokubali kukataliwa. Ukitaka kumtuza mwimbaji, noti ya nakfa, pesa ya Eritrea, hubandikwa kwenye paji la uso wake akiwa anaimba.

Ulimi nao hutufichua. Kwa Kitigrinya, "hujambo" kwa mwanamume ni kemey aleka, kwa mwanamke kemey aleki. Mzee wa kiume hupewa alekum na bibi aleken, yaani maumbo ya wingi, hata akiwa peke yake, kwa heshima. Vijana waliokulia nje ndio hujikwaa zaidi, kwa kuwa wamezoea kuzungumza Kitigrinya na mama tu, basi hata mjomba wanamwambia aleki. Wasahihishe nyumbani, kabla ya harusi. Waliorudi kutoka Ghuba wana nafuu kwenye matamshi: sauti za kooni ha na ain, walizozisikia kila siku katika Kiarabu, zimo pia katika Kitigrinya. Waliotoka Ulaya huzilainisha.