Zege la kinu cha nyuklia na chumvi ya bahari

Watu wengi wakiskia kinu cha nyuklia wanafikiria madude ya ajabu, lakini kinachozuia mionzi isitoke pale kwa sehemu kubwa ni zege, saruji mchanga kokoto na maji, vitu hivi hivi wanavyochanganya mafundi wetu Fuoni na Chake Chake.

Mimi khaswa nnachokipenda hapo ni yale maji, lakini tuanze na uzito. Miale ya gama, mionzi kama ya eksrei lakini yenye nguvu zaidi, inazuiliwa na uzito, zege la kawaida mita moja ya ujazo lina kilo kama 2,400, na sentimita 6 hivi zinakata nusu ya gama inayotoka kwenye kobalti 60, aina ya chuma chenye mionzi, ongeza 6 nyengine inabaki robo, endelea hivo hivo mpaka ukuta unafika mita na zaidi. Wakitaka ukuta mwembamba wanatia kokoto za baraiti au magnetaiti, mawe mazito, uzito unapita kilo 3,500. Sasa nyutroni, chembe ndogo zinazoruka kutoka ndani ya atomu, ni habari nyengine, madini ya risasi, mazito vile, peke yake hayaiwezi, inataka kugongana na kitu cha saizi yake, na hicho ni haidrojeni iliyomo kwenye maji yaliyoshikana na saruji. Gololi ikigonga jiwe inarudi na kasi yake, ikigonga gololi mwenziwe inaipa kasi yake yote. Ndo mana zege la kinu linalindwa na joto, kwa kawaida halitakiwi likae muda mrefu juu ya nyuzi 65 za Selsiasi, yakitoka maji kinga ya nyutroni nayo inapungua.

Na jengo lenyewe la zege la kuzungukia kinu si pambo. Kinu cha Three Mile Island kule Marekani 1979 kilipata ajali, karibu nusu ya kiini chake, pale penye mafuta ya nyuklia, kiliyeyuka na jengo likazuia sehemu kubwa sana ya mionzi, Chernobyl 1986 hawakuwa na jengo la namna hiyo, na yaliyotokea dunia nzima inayajua.

Sasa linalotuhusu sisi watu wa visiwani. Kinu cha nyuklia cha Koeberg, karibu na Cape Town Afrika Kusini, kipo pwani kabisa na kinafanya kazi tangu 1984, upepo wa bahari umeingiza chumvi kwenye zege la nje, nondo zikala kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kwa hiyo inalisukuma zege mpaka linabanduka, ikabidi watengeneze. Ugonjwa ule ule wa nguzo zetu za pwani zilizoacha nondo wazi! Kama ukuta wa kinu unaliwa, nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa bahari, nondo ziko juu juu na zege halikumwagiliwa maji hata wiki, itapona vipi? Nondo izame ndani jamani, na maji ya kuchanganyia yasizidi, zege la majimaji linabaki na vitundu na chumvi inapita humo.

Misri nao wanajenga kituo cha nyuklia cha El Dabaa, pwani ya Mediterania, zege la kwanza limemwagwa Julai 2022 na vinu vimepangwa kwenda miaka 60, yaani miaka 60 ya upepo wa chumvi, mimi jicho langu liko kwenye zile kuta.