Barabara ya zefe ndo hiyo hiyo ya maandamano

Kila kukitangazwa maandamano hapa Kenya swali la kwanza utaskia ni "je, wana kibali?" Anauliza mtangazaji wa redio, anauliza jirani, anauliza hata kijana ambaye bango liko mkononi mwake tayari. Jamani, kibali cha maandamano hakiko kwa sheria yetu. Kifungu cha 37 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki, kwa amani na bila silaha, kukusanyika, kuandamana, kusimama na mabango nje ya ofisi na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka. Unachotakiwa ni kuwajulisha polisi, basi. Na kumjulisha mtu si kumwomba.

Kujulisha kwenyewe kuko kwa sheria ya utulivu wa umma, ile Sura ya 56. Unampelekea OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo, barua, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Unaandika jina lako kamili na mahali unapopatikana, tarehe, saa, na njia mtakayopita ama uwanja mtakaokutania. Saa ni kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. OCS akipokea anaweza kukwambia haiwezekani kama kuna watu wengine wameshaleta taarifa ya siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo na mahali hapo hapo, na hata hapo lazima akujibu kwa maandishi na wewe unachagua siku nyingine. Alafu kuna kitu watu wengi hawajui, anatakiwa aweke rejista ya hizo taarifa zote na mwananchi ana haki ya kwenda kuiangalia saa za kazi. Nenda uiombe siku moja uone vile watakuangalia.

Haya hayakuja bure. Sheria hii ni ya wakati wa mkoloni na miaka mingi ilikuwa bila leseni ya serikali hukutani na mtu. Ule mkutano wa kudai vyama vingi pale uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai 1990 ulinyimwa ruhusa, wanasiasa waliouitisha, Matiba na Rubia, wakatiwa kizuizini siku chache kabla, na watu walipotoka hata hivyo wakapigwa risasi, ndo tukapata jina Saba Saba. Mwaka 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa wakakaa Uhuru Park wakigoma kula, Wangari Maathai akiwa nao, polisi wakawavamia kwa virungu na vitoa machozi. Ni 1997, wakati wa yale mazungumzo ya kurekebisha sheria kabla ya uchaguzi, ndo leseni ikaondolewa ikabaki taarifa. Kwa hivyo ukiskia afisa leo anasema "hamjapewa ruhusa" ujue anatumia sheria iliyozikwa kabla ya vijana wengi walioko barabarani kuzaliwa.

Na bado inafufuliwa. Tarehe 17 Julai 2024, wiki chache baada ya yale maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, kaimu Inspekta Jenerali wa polisi Douglas Kanja alipiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi, sababu ati waandamanaji hawana viongozi wa kuongea na polisi. Kesho yake Mahakama Kuu ikasimamisha lile agizo. Mwaka 2025 bungeni ukaletwa mswada wa mbunge Esther Passaris wa kuzuia watu kuandamana ndani ya mita 100 kutoka bunge, mahakama na maeneo mengine yanayolindwa. Sasa mimi nauliza, kama Katiba imenipa haki ya kupeleka malalamiko kwa mwenye mamlaka na mwenye mamlaka yuko ndani ya bunge, mita 100 nitampelekea nani, wauza maji ya chupa?

Hebu sasa tuangalie upande wa sherehe, manake hapo ndo roho inaniuma zaidi. Mimi ni mtu wa Mombasa na zefe, ule msafara wa Maulidi, napenda tangu utotoni. Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ukifika, vijana na kanzu zao, ngoma za twari zinalia, mashairi, bendera, msururu unajaza njia nzima na magari yanasimama, wenye maduka wanatoka nje kutazama, hakuna anayekasirika. Lamu kwenye Maulidi ya Riyadha watu wanatoka pwani nzima, njia ile ya mbele ya bahari huwezi hata kugeuka. Nairobi marathoni ikifika barabara kubwa zinafungwa tangu alfajiri, trafiki wanaelekeza magari kwengine, ambulensi ziko tayari, na siku kadhaa kabla mmetangaziwa njia zipi za kuepuka. Ni kazi nzuri sana hiyo, na inaonyesha tunajua kuifanya. Umati tunaujua, kufunga barabara tunajua, kuweka watu wa huduma ya kwanza tunajua. Ujuzi huo wote unapotelea wapi siku watu wanaotembea barabara hiyo hiyo wamebeba mabango ya kudai dawa hospitalini?

Tena sherehe ndo ingefaa kuulizwa maswali mengi! Mnatumia uwanja wa umma, mnaweka jukwaa na jenereta, mnauza vyakula, spika zinaunguruma usiku watoto na wagonjwa wamelala. Hapo kaunti ikidai kibali, ikatoza ada, ikataka mpango wa takataka na vyoo na njia ya zimamoto kupita, mimi naunga mkono mia kwa mia, na kelele pia ina kanuni zake tangu 2009. Pesa inatengenezwa pale, na uwanja ni wa sisi sote.

Sisi mtaani kwetu tuliwahi kuandaa matembezi ya kudai matuta barabarani, manake magari yalikuwa yanagonga watoto wa shule. Tukaandika barua, tukapeleka kituo cha polisi. Kule mezani tukaambiwa nendeni ofisi ile ingine mlete kibali kwanza. Tukaenda ile ofisi, wakasema hawawezi kutoa kitu bila barua ya polisi. Mzee mmoja tulikuwa naye, mwalimu mstaafu, akarudi kituoni na ile sheria imechapishwa, kifungu cha 5 amekipigia mstari kwa biro nyekundu, akamwambia yule afisa kwa adabu kabisa "mwanangu, mimi sikuombi kitu, nakuletea habari, nigongee muhuri." Afisa akasoma, akanyamaza, akagonga. Matembezi yakafanyika, polisi wawili wakatusindikiza wakisimamisha magari, na kwa kweli walitusaidia sana pale kwenye makutano.

Ndo maana nawaambia wenzangu msipuuze barua. Najua wengine mnasema haki ni ya Katiba kwa nini tumwandikie polisi, lakini mwandaaji naye ana wajibu, lazima awepo mwanzo hadi mwisho na asaidie kuweka utulivu, na wenye maduka wanaovunjiwa na wahuni waliolipwa kuingia katikati yetu nao ni wananchi wenye haki zao. Barua inakufanya upange njia, ujue ni wapi pana barabara nyembamba, ni nani wamevaa vizibao vya kuwatambulisha, ni nani anabeba maji.

Kwa hivyo ukiandika, toa nakala mbili. Moja wabaki nayo, ingine igongwe muhuri wenye tarehe na uandikiwe jina na namba ya afisa aliyepokea. Wakikataa kugonga, usigombane nao, andika chini saa uliyofika na aliyekuhudumia, alafu tuma barua ile ile kwa rejista ya posta na kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Ile nakala yenye muhuri ipige picha uitume kwa wale wote watakaosimamia msafara, kila mmoja awe nayo kwa simu yake, na karatasi yenyewe ikae na mtu atakayekuwa mbele kabisa.