Taa ya ndani ya Probox

Miezi mitatu nimehesabu chenji ya abiria kwa tochi ya simu, maana taa ya dari ilikuwa kama mshumaa unaokata roho. Jana baada ya alasiri nikapita duka la spea Mwembe Tayari, nikachukua balbu ya LED ya volti 12, saizi ileile ya zamani.

Kifuniko hutoka kwa bisibisi bapa. Funga kitambaa kwenye ncha! Plastiki iliyopikwa na jua letu la Pwani huvunjika kama kaukau. Mimi nimeshavunja pini moja ya kifuniko. Balbu ya zamani nayo, ikiwa imetoka kuwaka, itakuunguza vidole.

Nikapachika mpya. Giza. Nikaapa fyuzi imekwenda, nikazikagua zote, jasho tele. Kumbe LED ina chanya na hasi, ile ya zamani haijali upande. Kuigeuza tu, ikawaka.

Mama akachungulia dirishani: “Mwanangu, hilo gari au ukumbi wa harusi?”

Kweli, nyeupe mno. Ningechukua ya manjano. Lakini inakula umeme kidogo, na mimi mlango husahau wazi kila wiki, taa ikibaki inanyonya betri.