Swichi ya kuzima redio: draiva imeacha kubishana nayo

Mikindani, wiki ya tatu ya mradi.

Swichi niliyoichomoa kwenye kompyuta mpakato iliyokufa na kuiunganisha na bodi yangu yenye kadi ya waifai sasa inafanya kazi ipasavyo. Ikisukumwa upande wa kuzima, inashusha volti kwenye pini ya 20 ya kadi hiyo, ambayo ni ya aina ya Mini PCIe, na redio ya kadi, yaani sehemu inayorusha mawimbi, inanyamaza bila kuomba ruhusa ya programu yoyote. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, haina mamlaka juu ya hilo. Wajibu wake ni kuiarifu keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, kwamba redio imezimwa, ili mtumiaji asidhani kwamba kadi imeharibika.

Kosa lililonipotezea siku nne lilikuwa langu. Mfumo wa rfkill ndani ya keneli, unaosimamia kuzimwa na kuwashwa kwa redio, hutenganisha kizuizi cha programu, ambacho huondolewa kwa amri, na kizuizi cha maunzi, ambacho hakuna amri inayokiondoa. Mimi nilikuwa nimeiandika draiva itunze nakala yake yenyewe ya kizuizi cha programu. Nilipotoa amri ya kufungua huku swichi ikiwa imezimwa, draiva ililipuuza ombi, jambo ambalo rfkill inaliruhusu, lakini nakala yangu ikabaki na hali ya zamani. Niliporudisha swichi, orodha ya rfkill ilionyesha kwamba hakuna kizuizi chochote, ilhali redio ilikuwa kimya. Kumbe jibu lilikuwepo muda wote: rfkill_set_hw_state, amri ya ndani ambayo draiva huitumia kuripoti hali ya swichi, hurudisha hali ya vizuizi vyote viwili kwa pamoja, hivyo draiva inatakiwa kulifuata jibu hilo tu. Nimeifuta nakala yangu, na draiva imekuwa fupi zaidi.

Kutu nayo ilitusumbua. Upepo wa chumvi wa huku haubakizi shaba, na msukumo mmoja wa swichi ulikuwa ukisomeka kama misukumo mitano au sita. Kwanza niliiachia rfkill iulize hali ya swichi yenyewe, njia iliyowekwa kwa ajili ya maunzi yasiyoweza kutoa taarifa, lakini huuliza kila baada ya sekunde 5. Mpwa wangu aliisukuma mara tatu, akasubiri kidogo, kisha akaniambia, “Mjomba, hii mbovu.” Alikuwa na haki. Sasa swichi yenyewe ndiyo inayoiamsha draiva, nayo husubiri milisekunde 50 mguso utulie kabla ya kusoma. Miguso nimeisafisha kwa spiriti, ingawa sitarajii usafi huo udumu.

Bado bluetooth ya kadi hiyohiyo haijasajiliwa rfkill kama redio ya pekee. Vilevile, mtu akisogeza swichi wakati bodi imelala, draiva huamka ikiwa na habari ya zamani. Jumamosi nitaiandikia isome swichi upya kila inapoamka.