Jinamizi limenirudia

Juzi usiku jinamizi limenikaba tena. Niliamka macho wazi, chumba nakiona vizuri kabisa: pazia, kiti, simu inachaji mezani. Lakini sikuweza kusogeza hata kidole. Na mlangoni alisimama mtu. Hana uso, kivuli tu. Kadiri nilivyojaribu kupiga kelele ndivyo alivyozidi kunikaribia, hadi nikahisi uzito wake kifuani. Ghafla kidole cha mguu kikacheza, akatoweka. Nililia, sitaficha.

Maelezo ya wanasayansi nayajua. Tunapoota, ubongo huilegeza misuli ili tusiinuke na kuyatenda tunayoyaota; mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa, na ndoto inaendelea huku unaona chumba chako. Uchovu na kulala chali huchangia. Wiki nzima nimelala masaa manne tu kwa usiku, na chali.

Nimesoma pia habari za Vic Tandy, mhandisi wa Uingereza aliyeona umbo la kijivu pembeni mwa jicho akiwa maabara. Mwaka 1998 aliandika kwamba chanzo kilikuwa feni: ilitoa mtetemo wa takriban hezi 19, yaani mitetemo 19 kwa sekunde, chini kidogo ya kiwango ambacho sikio husikia.

Nayaamini yote hayo. Ila usiku ule, maelezo hayakuwepo chumbani. Alikuwepo yeye.

Yamewahi kukukuta? Niambie, jinamizi lako lilisimama wapi? Leo nalala ubavu, na taa naiacha inawaka.