Hatua 30 nyuma ya bunduki ya kwanza

Jana jioni hapa Bombo, Uganda, kwenye kibaraza cha duka la shemeji, kijana mmoja alisema kamanda anayekaa nyuma ni mwoga tu. Sikumjibu pale pale. Usingizi ndio ulionikataa.

Mimi nilibeba redio miaka sita. Mtu wa redio ni kivuli cha kamanda: akilala unalala, akikimbia unakimbia, na antena inayumba juu ya kichwa chako ikimwonyesha adui mahali alipo mkubwa wako. Kwenye doria za kaskazini, afande wangu alitembea hatua kama 30 nyuma ya seksheni ya kwanza, lile kundi dogo la askari wanaotangulia. Anayetangulia akiviziwa hulala chini akafyatua, na haoni kitu zaidi ya majani yaliyo mbele ya pua yake. Ukiwa mkiani nako, porini unasikia milio tu, hujui ni yetu au yao. Siku tuliyoviziwa kwenye kijito, afande aliinua kichwa mara mbili, akanipokonya chombo cha kusemea, akaiamuru platuni ya nyuma, kikosi cha seksheni kadhaa, izunguke kushoto. Maneno manne, matano hivi. Angekuwa amelala kwenye tope na wale wa mbele, nani angeyasema?

Uwanja ukiwa wazi, mambo hubadilika. Isandlwana, Afrika Kusini, Januari 22, 1879, Ntshingwayo kaMahole aliongoza maelfu ya Wazulu akiwa juu ya miinuko, akiitazama kambi ya Waingereza chini yake. Jeshi linaloshambulia kwa pembe mbili na kifua linahitaji mtu anayeziona pembe zote mbili kwa pamoja, naye umri wake ulikuwa umeshapita wa kukimbia na mkuki. Upande wa pili, Lord Chelmsford, kamanda wa Waingereza, alikuwa ametoka asubuhi na karibu nusu ya jeshi kumtafuta adui kwingine. Kambi iliangamizwa yeye akiwa mbali. Kosa lake halikuwa kukaa nyuma, maana hakuwa nyuma wala mbele. Hakuwepo.

Ninaloliwaza zaidi ni la Fred Rwigyema. Hapa Uganda tulimjua tangu vita vya msituni vya NRA, jeshi la waasi la Museveni, na baadaye alikuwa naibu waziri wa ulinzi. Oktoba 1, 1990 aliwavusha wapiganaji wa RPF, Wanyarwanda waliokuwa uhamishoni, kuingia Rwanda mpakani Kagitumba. Siku iliyofuata akauawa. Sitamlaumu hata kidogo kwa kuwa pale na vijana wake. Mpiganaji wa msituni hana mshahara wala mahakama ya kijeshi ya kumshikilia, anafuata uso anaouamini, na uso huo hauwezi kukaa hotelini. Lakini kifo chake kilifichwa kwa muda, jeshi likayumba, likarudishwa nyuma, hadi Paul Kagame alipotoka masomoni Fort Leavenworth, Marekani, akalikusanya upya milimani Virunga. Kwa hiyo swali ninalojiuliza si umbali wa kamanda peke yake. Ni nani mwingine anayejua mpango wote, na yeye amesimama wapi.

Afande wangu alilijua hilo. Kila asubuhi kabla ya kuondoka alichuchumaa na naibu wake, akamchorea njia yote mchangani, kisha akampeleka mwisho wa msafara, mbali na antena yangu.

Leo jioni nitarudi kibarazani na kijiti. Nitamchorea yule kijana kile kijito.