Daftari la ini langu

Mwaka 2019 nilipoambiwa ini langu limesinyaa na kujaa makovu kwa sababu ya homa ya ini B, nilichoshika ni dawa tu. Tenofovir kila siku, sikuruka hata moja. Virusi vikashuka hadi havionekani kwenye damu, nami nikajiona nimemaliza kazi. Daktari wangu wa Mulago, hospitali kubwa ya Kampala, akanikatiza: "Mama, virusi vimelala, lakini makovu yako palepale, na saratani hupenda kuota humo." Kwa hiyo ultrasaundi kila miezi 6, pamoja na kipimo cha damu cha AFP, protini inayoweza kupanda saratani ya ini ikianza, hata kama siumwi popote. Ini halina haraka ya kuuma.

Hapa Busia penye mashine za ultrasaundi si haba. Kosa langu lilikuwa kukimbilia bei: mara hii kwa huyu, mara ijayo kwa yule, majibu nayatupa kwenye droo ya mitumba. Siku moja kijana wa kliniki fulani akaniambia, "Kuna uvimbe hapa," akanikabidhi karatasi, akaita mwingine. Basi. Nilipita soko zima watu wakiniita nisisikie. Usiku nikakaa naandika ninaowadai na wanaonidai.

Mulago swali la kwanza likawa: picha za zamani ziko wapi? Sikuwa nazo. Uvimbe ulikuwa milimita 8. Ini lenye makovu huota vinundu ambavyo si saratani, na picha za nyuma zingeonyesha kama kinundu changu ni cha siku nyingi. Kingefika sentimita 1 ningepelekwa CT, ile picha ya eksirei ya kompyuta ya kuchomwa dawa mshipani. Chini ya hapo, nirudie ultrasaundi baada ya miezi 3. Miezi hiyo sitaki kuisimulia. Dada yangu alihamia kwangu ili nile.

Hakikukua.

Tangu hapo napimwa mahali pamoja, na nina daftari gumu: tarehe, ukubwa wa kinundu, AFP, ripoti zimebandikwa kwa gundi. Miezi yangu ni Januari na Julai. Januari ni ngumu kwa sababu ya karo, hivyo mgao wangu wa kikundi cha akiba naomba niupokee Desemba; wenzangu wanajua sababu. Usiku wa kuamkia kipimo nalala bila kula, asubuhi naenda na njaa yangu, nikitoka namtafuta muuza rolex wa kona ile, chapati iliyoviringishwa na mayai: mayai mawili, nyanya nyingi.